Ng'ombe, Waziri na Ndengu: Njia ya Miswada Ukambani

Ukitoka Machakos kwenda Kitui, barabara hupita Wamunyu penye wachonga vinyago, ikavuka Mto Athi, ikaingia nyanda za Yatta na kukufikisha Kwa Vonza. Leo wengi huijua Kwa Vonza kwa sababu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kilichozaliwa kutoka Chuo cha Kilimo cha Ukamba, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008 na kupata hadhi kamili mwaka 2013. Matatu hushusha wanafunzi na mizigo yao, bodaboda huwasubiri, na kando ya barabara kuna magunia ya mbaazi, kunde na ndengu yaliyokunjwa midomo ili mpita njia aone punje.

Niliifuata barabara hii nikitafuta nyayo za sheria. Kwa karibu miaka 100, sheria na miswada imepita hapa ikienda na kurudi: mingine ilishuka kutoka Nairobi bila kubisha hodi, mingine ilipanda kutoka huku ikakwama njiani, na mmoja ulikwenda kasi kuliko gari lolote. Anayetaka kujua mswada hupita lini na hufia wapi nchini Kenya atajifunza mengi Ukambani kabla hajakanyaga ngazi za Bunge.

Sheria iliyokuja kuchukua ng'ombe

Mwanzo wa njia uko Ngelani, kwenye vilima vya Iveti karibu na mji wa Machakos. Hapo ndipo alipotoka Samuel Muindi Mbingu. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Uzalishaji wa Mazao na Mifugo, iliyompa Gavana uwezo wa kutunga kanuni kuhusu mimea ambayo Mwafrika angepanda na mifugo ambayo angefuga. Kwenye karatasi lilikuwa jambo la kitaalamu: kuokoa udongo usimomonyoke. Lakini udongo wa Machakos, wilaya ambayo wakati huo iliijumuisha Makueni, ulikuwa umechoka kwa sababu watu na mifugo walisongamana. Malisho mapana ya Yatta yalikuwa yamewekwa chini ya Taji la Uingereza, na Wakamba walikwisha kulalamika juu ya hilo mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934. Kwanza mtu alinyimwa malisho, kisha akaambiwa ng'ombe wake ni wengi mno.

Mwaka 1938 kanuni zile ziligeuka kuwa vitendo. Ng'ombe walitiwa alama, wakakamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya chini. Kampuni ya Liebig ilikuwa imeweka kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hakiendeshwi bila ng'ombe. Kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa mahari, akiba ya mwaka wa ukame na heshima ya boma. Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association waliwakusanya watu, na mwishoni mwa Julai kundi kubwa la wanaume, wanawake na watoto likatembea kwa miguu hadi Nairobi. Walipiga kambi Kariokor wakataka kumwona Gavana.

Wangemtuma nani Barazani? Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1938 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Masilahi ya Waafrika yalisemewa na Wazungu walioteuliwa, wengi wao wamishonari. Aliyewabebea Wakamba kilio chao ni Isher Dass, mjumbe wa Kihindi, na maswali yakafika hadi Bunge la Uingereza. Gavana Robert Brooke-Popham alilazimika kwenda Machakos kuwasikiliza. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Leo mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi una jina lake, na wengi wanaopita hapo wakielekea Soko la Jiji hawajui kwamba alifuta kwa miguu kanuni ambayo hakuwa na kura ya kuipinga.

Viti vinafunguliwa, kisha Seneti inafungwa

Mlango wa Baraza ulifunguka polepole. Eliud Mathu aliteuliwa mwaka 1944, Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Mwaka 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kwa kura, na miongoni mwao, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi, alikuwamo James Muimi wa Ukambani. Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa kupimwa kwa elimu, kipato, mali na utumishi. Mmoja angeweza kupiga hadi kura tatu, na jirani yake asipate hata moja. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza Mkamba alisimama Barazani kwa tikiti ya Wakamba wenyewe.

Uhuru wa 1963 ulikuja na Bunge lenye nyumba mbili. Seneti ilikuwa na wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi, ili wilaya ndogo zisimezwe na kubwa. Haikudumu. Mwishoni mwa 1966 Katiba ilibadilishwa, nyumba mbili zikaunganishwa kuwa moja, maseneta wakapewa viti vipya na idadi ya majimbo ikafika 158. Kwa miaka zaidi ya 40 iliyofuata, karibu kila mswada wa maana ulitoka serikalini. Mbunge wa kawaida aliuliza maswali, akaleta hoja, akaomba barabara na kisima. Kutunga sheria kwa mkono wake lilikuwa jambo la nadra.

Siku moja ya Desemba

Kuna hadithi moja ya enzi hiyo ambayo haiwezi kurukwa na anayefuata njia hii. Paul Ngei, mwana wa Machakos na mmoja wa Sita wa Kapenguria waliofungwa pamoja na Jomo Kenyatta, alishinda kiti cha Kangundo katika uchaguzi wa 1974. Mpinzani wake alikwenda mahakamani. Mahakama ya uchaguzi ikaamua kwamba Ngei alitumia vitisho, na sheria ilisema mtu aliyepatikana na kosa la namna hiyo asigombee kwa miaka 5. Rais alikuwa na uwezo wa kusamehe wafungwa, lakini uwezo huo haukufika kwenye makosa ya uchaguzi.

Basi Katiba ikarekebishwa. Mnamo Desemba 1975 mswada uliletwa, ukapita hatua zake zote ndani ya siku moja, na Rais akapata mamlaka ya kumwondolea mtu kizuizi hicho. Marekebisho yalirudishwa nyuma hadi mwanzoni mwa mwaka huo ili yamfae aliyekusudiwa. Ngei alisamehewa, akagombea tena na akarudi Bungeni. Vitabu vya sheria vya Kenya bado vinayaita Marekebisho ya Ngei.

Kanuni za Bunge zinataka mswada usomwe mara tatu, na sababu yake ni nzuri. Kusomwa kwa kwanza ni kutangaza tu kwamba umefika. Hapo kamati huuchukua, wananchi hupata nafasi ya kuusoma, wataalamu hutoa maoni. Kusomwa kwa pili ni mjadala wa nia yake: je, tunautaka? Halafu Bunge zima hukaa kama kamati na kuuchambua kifungu kwa kifungu, na mwisho husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura. Ni mtambo wa kupunguza kasi. Mwaka 1975 mtambo huo ulizimwa kwa sababu ya mtu mmoja, na hakuna aliyesema kwamba muda hautoshi.

Mswada wa afya ulioishia mezani

Sogea mbele hadi mji wa Kitui. Mwaka 1992, siasa za vyama vingi ziliporudi, Charity Ngilu alichaguliwa mbunge wa Kitui Central. Mwaka 1997 aligombea urais, na baada ya ushindi wa muungano wa NARC akawa Waziri wa Afya. Mwaka 2004 alileta mswada wa kuunda mfuko wa kitaifa wa bima ya afya ya jamii, ili mgonjwa asizuiwe mlangoni pa hospitali kwa kukosa pesa. Kwa watu wa Ukambani, ambako safari ya kwenda hospitali ya wilaya ilikuwa siku nzima ya kutembea na kusubiri gari, ulikuwa mswada wa kwao.

Bunge liliupitisha Desemba 2004. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini, huku gharama yake ikitajwa kuwa mzigo usiobebeka. Huo ndio mlango wa mwisho ambao watu husahau: mswada unaweza kupita vikao vyote na ukafa kwenye meza ya Ikulu. Ilichukua karibu miaka 20 kabla Kenya haijapata Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, na mfuko wake ulianza kazi Oktoba 2024, wakati mambo mengi ya hospitali yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa kaunti.

Linganisha miswada hiyo miwili. Mmoja ulimhusu mtu mmoja ukachukua siku moja. Mwingine uliwahusu mamilioni ukachukua miongo miwili. Kasi ya mswada haipimwi kwa wingi wa watu wanaouhitaji. Inapimwa kwa ukaribu wa anayeuhitaji na wenye kalamu.

Mchanga wa Makueni

Katiba ya Agosti 2010 ilikusudiwa kupunguza umbali huo. Seneti ilifufuliwa, kaunti 47 zikaundwa, na kila kaunti ikapata bunge lake lenye uwezo wa kutunga sheria. Mkazi wa Kwa Vonza, katika wadi ya Kwa Vonza/Yatta, eneo bunge la Kitui Rural, sasa huchagua watu wanne wanaoweza kupeleka mswada kwa niaba yake: seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Babu yake wa mwaka 1938 hakuwa na hata mmoja.

Matunda yalionekana mapema upande wa Makueni, ingawa si bila purukushani. Mwaka 2014 gavana na bunge la kaunti waligombana juu ya bajeti mpaka Septemba risasi zikalia katika makao ya bunge hilo mjini Wote na watu wakajeruhiwa. Wananchi waliwasilisha ombi la kuvunja serikali ya kaunti, tume ikaundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuisimamisha kaunti. Katika mwaka huohuo, bunge lilelile la Wote likatoa sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ambayo kaunti nyingine zimekuwa zikiitazama kama kielelezo.

Mtu wa mjini huuona mchanga kama saruji isiyochanganywa bado. Mtu wa Ukambani huuona kama tangi la maji. Mito mingi hapa hutiririka siku chache tu baada ya mvua, kisha hukauka juu. Lakini chini ya mchanga maji hubaki, yamefichwa jua lisiyanyonye, na wanawake huchimba visima vifupi katikati ya mto mkavu na kuchota kwa kata mpaka msimu mwingine. Ndiyo maana watu wa Machakos, Makueni na Kitui wamejenga mabwawa ya mchanga kwa miongo mingi: ukuta wa zege kukatiza mto, mchanga ujikusanye nyuma yake, maji yakae ndani. Lori linalobeba mchanga kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi linabeba kisima cha mtu. Sheria ya Makueni iliunda mamlaka ya kusimamia uchotaji na kulinda mito. Haikumaliza wizi, lakini ilitungwa na watu waliojua mto mkavu si mto mtupu.

Ndengu zinaingia Seneti

Nirudi Kwa Vonza, kwenye magunia. Ndengu zinaipenda nchi hii. Mkulima hupanda mvua za Oktoba zinapoanza, maana mvua za vuli ndizo za kutegemewa Ukambani, na aina ya N26, ambayo wengi huiita Nylon, huwa tayari kwa muda wa miezi miwili hivi. KS20, inayoitwa Uncle, huchukua muda zaidi na punje zake ni kubwa. Taasisi ya utafiti ya KALRO imeongeza nyingine, kama Biashara na Karembo. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Ngilu, ilihimiza wakulima kupanda ndengu kwa wingi na kugawa mbegu. Mavuno yalikuja, na bei ikafanya kile ambacho bei hufanya wakati kila mtu anauza siku moja.

Simama dakika chache penye magunia utaona tatizo lenyewe. Kipimo ni gorogoro, mkebe wa bati wa kilo mbili. Mnunuzi kutoka mbali huujaza, huugonga chini punje zishikane, huongeza tena, kisha hurundika juu mpaka kilima kifanyike na punje zianze kuporomoka. Kilima kile hakilipiwi. Mkulima anayeuza gunia zima kwa gorogoro hupoteza kilo kadhaa kwa vilima peke yake, na hana la kusema, kwa sababu mwenye lori ni mmoja na wauzaji ni wengi.

Seneta wa Kitui, Enoch Wambua, aliyechaguliwa mwaka 2017, alipeleka Seneti mswada wa ndengu mwaka 2020. Nia yake ilikuwa kulipa zao hili mfumo wa kisheria wa kuliendeleza, kulisimamia na kulitafutia soko, kama chai na miwa zilivyo na sheria zake. Bunge la 12 lilimaliza muda wake mwaka 2022 na mswada haukuwa umefika mwisho wa safari. Kwa kanuni, mswada usiokamilika hufa pamoja na Bunge lake. Wambua alichaguliwa tena, akaurudisha katika Bunge la 13, na safari ikaanza upya kutoka kusomwa kwa kwanza.

Kufa na kuzaliwa upya si jambo geni kwa miswada ya Seneti. Mswada unaohusu kaunti lazima upite nyumba zote mbili, na nyumba hizo hazijawahi kuelewana kabisa juu ya nani mwenye neno la mwisho. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 kwa sababu Bunge la Kitaifa lilizipitisha bila kuihusisha Seneti. Zao la nchi kavu likiingia katikati ya ugomvi huo, husubiri.

Lakini kusubiri si kosa pekee la kutazamwa. Mswada wa ndengu unazipa serikali za kaunti kazi ya kusajili wakulima na kutoa leseni kwa wasindikaji na wafanyabiashara wakubwa. Daftari la wakulima linaweza kuwa jambo jema: ndilo hutumika kugawa mbegu, kuita mikutano, kulipa fidia ukame ukipiga. Ila Ukambani ni mahali ambapo serikali iliwahi kuhesabu ng'ombe ili iwachukue. Kila kifungu cha usajili, leseni na faini kinafaa kusomwa na mtu anayeijua historia hiyo, aulize: kifungu hiki kinamlinda nani, mwenye shamba au mwenye ofisi?

Tena, kilima cha gorogoro tayari ni kinyume cha sheria. Sheria ya Vipimo na Mizani ipo tangu zamani. Kwa viazi, kanuni za mwaka 2019 ziliweka gunia la kilo 50 kuwa mwisho, lakini magunia ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kiasi, yameendelea kupakiwa mchana kweupe. Mkulima wa Kwa Vonza anahitaji mizani iliyokaguliwa sokoni, ghala la kuwekea mavuno mpaka bei ipande, na ofisa wa kuhakikisha mizani inatumika. Mswada unaostahili kuungwa mkono ni ule unaotaja nani atalipia vitu hivyo, na kwa bajeti ipi.

Tunachoweza kufanya

Historia hii ina hukumu yake. Kanuni za ng'ombe zilishindwa kwa sababu watu walikwenda kuwakabili waliozitunga. Marekebisho ya Ngei yalipita kwa sababu hakuna mwananchi aliyepewa hata siku moja ya kuyasoma. Bima ya afya ilikwama kwa sababu walioipigania Bungeni walikuwa wengi kuliko walioipigania nje. Sheria ya mchanga ilizaliwa kwa sababu wenye visima walikuwa karibu na wenye kalamu.

Leo hakuna haja ya kupiga kambi Kariokor. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria, na kamati hutangaza magazetini siku za kupokea maoni. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka yake, pamoja na kutunga sheria mpya, kuirekebisha au kuifuta. Haihitaji wakili wala chama.

Msomaji wa Kitui na Makueni, chama chako cha ushirika kikikutana wiki hii, agiza nakala ya mswada wa ndengu kutoka ofisi ya seneta wako, usomwe kwa sauti mbele ya wakulima, kifungu kwa kifungu, na maoni yenu yaandikwe na kutumwa kwa kamati ya kilimo kabla ya kura. Mkiuacha usomwe na wengine peke yao, msishangae ukija kuwahesabu ndengu kama babu zenu walivyohesabiwa ng'ombe.